Jeni zinapozidisha kazi: namna ya kuisoma na kuifuatilia ripoti ya saratani ya titi ukiwa Mombasa

Mamangu mdogo alivuka feri ya Likoni asubuhi na bahasha ya kaki mkobani. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za maabara. Tulipozifungua sebuleni, macho yetu sote yaliganda kwenye neno moja, karsinoma, yaani saratani, na baada ya hapo hakuna aliyesoma zaidi. Vilio vikaanza, simu zikapigwa Kilifi na Tanga, dua ikasomwa. Mistari mitatu ya chini kabisa ya ukurasa wa pili ilikaa wiki tano bila kusomwa na mtu. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa inaeleza uvimbe ule unasukumwa na nini, na dawa gani ingeweza kuusimamisha.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mistari hiyo mitatu. Daktari wako ndiye atakayeamua matibabu, na hapa hutapata njia ya kumkwepa. Utapata njia ya kufika mbele yake ukiwa unajua cha kuuliza, maana kliniki ya saratani ina foleni ndefu na dakika zako ni chache.

Kinachotokea ndani ya seli

Usiruke sehemu hii. Ukiielewa, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kila seli ya mwili hubeba maandishi ya urithi. Jeni moja ni maelezo ya kutengeneza kitu kimoja, kama vile bibi alivyoandika kwenye daftari vipimo vya unga, iliki na tui la mahamri. Jeni nyingi tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Seli huzisoma, hupika protini kiasi inachohitaji, kisha jiko hufungwa. Seli za titi hugawanyika kwa mpango: msichana anapobaleghe, mwanamke anapobeba mimba, na kidogo kidogo katika kila mzunguko wa mwezi. Kazi ikiisha, zinatulia.

Saratani huanza pale mpango huo unapovurugika, na njia moja ya kuuvuruga ni jeni kufanya kazi kupita kiasi. Hilo hutokea kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayochagua dawa.

Namna ya kwanza ni nakala kuzidi. Katika kromosomu ya 17, moja ya mafungu yanayobeba jeni zetu, kuna jeni iitwayo HER2. Protini yake hukaa kwenye ngozi ya seli, kichwa nje na mkia ndani, kazi yake kupokea ujumbe wa ukuaji. Fikiria nyumba ya Mji wa Kale yenye mlango mmoja wa mbao. Mgeni anapiga hodi, wa ndani anaitika karibu, mlango unafunguliwa. Hodi ya seli ni vichochezi vya ukuaji vinavyoelea nje, na karibu yake ni kugawanyika. HER2 ina ajabu yake: haina mgeni wake mwenyewe anayejulikana. Husubiri mwenzake, kama HER3, apokee hodi, kisha hushikana naye na wawili hao hupeleka ujumbe ndani.

Sasa, katika saratani za titi kati ya asilimia 15 na 20, kipande kile cha kromosomu kimenakiliwa mara nyingi. Badala ya nakala mbili za HER2, seli ina sita, kumi, ishirini au zaidi, na zote zinasomwa. Seli ya kawaida huwa na protini za HER2 maelfu tu kwenye ngozi yake. Seli iliyozidisha inaweza kufikisha karibu milioni 2. Zinasongamana mpaka zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Hodi inasikika bila mgeni mlangoni, usiku na mchana, na seli inaitika kila mara.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanawake ambao uvimbe wao una nakala nyingi za HER2 ugonjwa wao hurudi mapema zaidi na huishi muda mfupi zaidi. Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana trastuzumab, dawa inayoikamata HER2 upande wa nje wa seli. Marekani iliiruhusu mwaka 1998. Jambo lililokuwa habari mbaya kuliko zote kwenye ripoti likawa mahali pa kushika.

Namna ya pili haihitaji nakala kuzidi. Estrojeni, homoni ya kike, hupita hadi ndani ya kiini cha seli na kushikana na kipokezi chake, yaani protini inayoipokea. Wakiwa wameshikana hukaa juu ya DNA, yale maandishi ya urithi, na kuziamsha jeni za kugawanya seli, mojawapo ikiwa ile inayotengeneza saiklini D1, protini inayoisukuma seli kutoka kwenye kupumzika hadi kwenye kujigawa. Saratani za aina hii ndizo nyingi kuliko zote. Jeni hapa inaweza kuwa nzima kabisa kwa maandishi yake, ila inaamshwa kupita kiasi.

Namna ya tatu ni herufi kukosewa. Jeni ya PIK3CA hupeleka ujumbe wa ukuaji ndani ya seli, kisha hunyamaza. Herufi moja ikibadilika, hainyamazi tena. Kosa hili huonekana sana kwenye saratani zinazotegemea homoni.

Kisha kuna jeni ambazo watu huzichanganya na hizi: BRCA1, BRCA2 na TP53. Hizo hazizidishi kazi. Zenyewe ni mafundi wa kukarabati na walinzi, na ubaya huja zinapoacha kazi.

Hapa nisimame kidogo, maana nimeona posa ikirudishwa kwa sababu ya kutoelewa jambo hili. Watu husikia "saratani inatokana na jeni" wakadhani ukoo mzima una doa. Nakala za ziada za HER2 hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, ukubwani. Hazimo kwenye yai la mama, hazimo kwenye damu ya binti, na hazirithiwi. Saratani za titi zinazotokana na jeni ya kurithi, kama BRCA iliyoharibika, ni takriban asilimia 5 hadi 10. Kama katika familia yenu kuna wanawake kadhaa waliougua wakiwa vijana, au mwanamume aliyeugua saratani ya titi (nao huugua, ingawa ni wachache), au saratani ya ovari, mwambie daktari, kwa sababu kipimo cha kurithi ni kingine na hufanywa kwa damu au mate. Ripoti ya uvimbe peke yake haimhukumu binti wa mtu.

Namna inavyosambaa

Majengo na Kisauni utasikia: "Ilikuwa imelala, wakaiamsha kwa sindano." Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na naelewa inakotoka. Mtu alikuwa na uvimbe mwaka mzima, akapimwa, na miezi mitatu baadaye yuko kitandani. Kilichomlaza ni ule mwaka mzima.

Seli za titi hushikamana kwa protini iitwayo E-kadherini, kama matofali na saruji. Ujumbe wa ukuaji usiokoma, ukiwamo wa HER2, hufika pia kwenye jeni zinazotawala mwendo wa seli. Kuna jeni zilizotumika tulipokuwa tumboni mwa mama, wakati seli zililazimika kuhama ili mwili upate umbo. Snail na Twist ni mbili kati yake. Kwa mtu mzima huwa zimenyamaza. Uvimbe huweza kuziamsha tena: saruji inalegea, seli inabadilika umbo, inatoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta unaoizunguka, inaanza kutambaa. Jeni nyingine, ya VEGF, inazidishwa ili mishipa mipya ya damu iote kuelekea kwenye uvimbe. Seli zinaingia kwenye mishipa ya limfu, ndiyo maana daktari hukushika kwapani, au zinaingia kwenye damu. Zilizo nyingi hufia njiani. Chache hufika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, na baadhi hukaa kimya miaka mingi kabla ya kuanza kukua. Zinazotegemea estrojeni zinajulikana kwa ukimya huo mrefu, na hiyo ni sababu ya dawa zake kunywewa miaka mitano hadi kumi.

Sindano ya biopsi, ile ya kutoa nyama kidogo ikapimwe, haiziwashi jeni hizi. Zilikuwa zinafanya kazi kabla hujafika hospitali.

Hatua ya 1: Kubali biopsi ya sindano nene, kabla ya upasuaji

Kuna sindano nyembamba inayovuta seli chache, na kuna sindano nene inayokata vijipande vya nyama kama njiti ya kiberiti. Ya kwanza inaweza kusema kuna saratani. Ya pili ndiyo inayotoa nyama ya kutosha kupima vipokezi vya homoni na HER2 kwa uhakika. Eneo hutiwa ganzi na kazi huisha kwa muda mfupi.

Uliza moja kwa moja: "Daktari, nyama hii itatosha kupima vipokezi?" Ukiambiwa titi litolewe lote kwanza ndipo lipimwe, uliza kwa adabu sababu yake. Kwa uvimbe mkubwa, au wenye HER2 nyingi, mara nyingi ni bora dawa itangulie, upasuaji ufuate, na hilo haliwezi kuamuliwa bila ripoti.

Hatua ya 2: Kilinde kichupa

Nitakaa hapa, kwa sababu hapa ndipo sisi tulipoumia na sioni watu wakilizungumza.

Hospitali nyingi humkabidhi mgonjwa au jamaa yake sampuli aipeleke maabara mwenyewe. Hospitali moja ya kibinafsi ilitukabidhi kichupa Ijumaa mchana. Ndani mlikuwa na maji ya dripu, hakuna fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na hatukujua tofauti. Maabara ilikuwa inafunga, tukakiweka kwenye friji hadi Jumatatu tukidhani tunakihifadhi vizuri. Nyama ilikuwa imeanza kuoza, na biopsi ikarudiwa.

Protini za kipokezi cha estrojeni na HER2 huharibika nyama ikikaa bila kuhifadhiwa. Hatari kubwa zaidi ni majibu ya uongo, kwa sababu maabara ikikataa sampuli angalau unajua. Kipokezi kilichokuwepo kikisomeka hakipo, mama anaandikiwa hasi na ananyimwa dawa iliyomfaa, na hakuna atakayegundua kosa hilo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla daktari hajaanza, uliza kama kichupa kina fomalini ya asilimia 10, ile iliyosawazishwa asidi yake. Ina harufu kali inayochoma pua. Nyama iingie humo mara moja, na kwa vyovyote isipite saa moja. Fomalini iwe nyingi, takriban mara kumi ya ujazo wa nyama. Kifuniko kifungwe sawasawa. Jina kamili, titi la kulia au la kushoto, tarehe, saa nyama ilipotolewa na saa ilipowekwa kwenye fomalini viandikwe kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko kinachoweza kuhama. Usikiweke kwenye friza. Usikiache juani wala kwenye dashibodi ya matatu. Nyama inatakiwa kukaa kwenye fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla maabara haijaanza kuishughulikia, kwa hiyo biopsi ya Jumatatu au Jumanne ni salama kuliko ya Ijumaa jioni au mkesha wa Idi. Ukiweza kuchagua siku, chagua hivyo.

Titi zima lililotolewa kwa upasuaji lina taabu yake: fomalini hupenya polepole, karibu milimita moja kwa saa, na katikati panaweza kuharibika kabla haijafika. Mkumbushe daktari mpasuaji kwamba maabara inahitaji kulipasua mapema. Wewe usikate chochote.

Hatua ya 3: Hakikisha kipimo kimeandikwa kwenye fomu

Ripoti ya kwanza husema tu kama kuna saratani, ya aina gani, na gredi ngapi, yaani seli zake zimeachana kiasi gani na za kawaida. Vipimo vya ER na PR, ndivyo vipokezi vya homoni, pamoja na HER2, mara nyingi huagizwa kando na hulipiwa kando. Soma fomu kabla hujaondoka. Kama hayo hayakuandikwa, rudi ndani. Mara nyingine sampuli husafirishwa Nairobi, basi uliza majibu yatarudi lini, yataletwa kwa nani, na nambari ya sampuli ni ipi. Nambari hiyo iandike mahali pawili.

Uliza pia kuhusu bloku. Nyama yako hugandishwa ndani ya kipande cha nta na hubaki maabara. Kipimo kingine kikihitajika baadaye, bloku hiyo ndiyo itakayokatwa, na una haki ya kuiomba ipelekwe maabara nyingine. Wengi hurudia biopsi bila sababu kwa kutojua kwamba nyama yao bado ipo.

Hatua ya 4: Soma mistari mitatu

ER ni kipokezi cha estrojeni. Utaona asilimia. Kuanzia asilimia 1 huhesabiwa chanya. Kati ya 1 na 10 ni chanya dhaifu, na hapo muulize daktari dawa ya homoni itasaidia kiasi gani. Ikiwa 80 au 90, uvimbe unategemea estrojeni kwa wazi.

PR ni kipokezi cha projesteroni. Kuwepo kwake huonyesha kwamba njia ya estrojeni inafanya kazi kweli.

HER2 huandikwa kwa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Mtaalamu wa patholojia hupaka rangi inayofanya HER2 ionekane kahawia kuzunguka seli. Sifuri na 1+ ni hasi. 3+ ni chanya: zaidi ya asilimia 10 ya seli za uvimbe zimezungukwa na duara kamili la rangi iliyokolea. 2+ maana yake bado haijulikani. Narudia, kwa sababu hapa ndipo tulipokwama: 2+ si hasi na si chanya. Ni swali linalosubiri kipimo kingine.

Unaweza kukuta Ki-67 pia, asilimia ya seli zilizo katika kujigawa siku nyama ilipotolewa. Maabara hutofautiana sana katika kuihesabu, kwa hiyo usiipe uzito wa kukukosesha usingizi.

Zote tatu zikiwa hasi, huitwa saratani isiyo na vipokezi vitatu. Hiyo nayo ina matibabu: kemo, yaani dawa kali za kuua seli zinazojigawa, huweza kuipunguza sana, na mgonjwa, hasa akiwa kijana, aulizie kipimo cha BRCA.

Hatua ya 5: Ikiwa 2+, dai kipimo cha kuhesabu jeni

Kipimo hiki huitwa FISH. Badala ya kuangalia protini, kinahesabu jeni yenyewe. Kipande cha nyama hutiwa alama zinazong'aa gizani: rangi moja hunata kwenye jeni ya HER2, rangi nyingine kwenye kiuno cha kromosomu ya 17. Mtaalamu huhesabu nukta seli kwa seli. Seli ya kawaida ina nukta mbili za kila rangi. Wastani wa nakala za HER2 ukiwa 4 au zaidi, na uwiano kati ya HER2 na kromosomu ukiwa 2.0 au zaidi, jeni imezidi.

Mamangu mdogo alikuwa 2+. Karatasi ilisema chini yake, kwa maandishi madogo, kwamba FISH inapendekezwa. Alianzishwa kemo bila kuisubiri, na alikuwa amepata dozi mbili za ile dawa nyekundu ya kemo, doksorubisini, binamu yangu alipoikunjua karatasi kwenye foleni ya duka la dawa Mwembe Tayari na kuuliza, "Hii inapendekezwa ni nini?" Bloku ikatumwa Nairobi. Majibu: wastani wa nakala 6.1, uwiano 2.9. Chanya. Tuliwahi, kwa sababu trastuzumab huanzishwa baada ya ile dawa nyekundu, pamoja na paklitakseli. Trastuzumab na ile nyekundu zikitolewa kwa wakati mmoja, zote mbili huusumbua moyo. Tungechelewa miezi sita, nisingeandika kwa utulivu huu.

Hatua ya 6: Linganisha jeni na dawa

Kama ER ni chanya, kuna tembe. Tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, hukaa kwenye kipokezi ili estrojeni ikose nafasi. Kwa waliokwisha koma hedhi kuna pia anastrozoli na letrozoli, zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni. Dawa hizi zinafanya kazi ukizinywa kila siku kwa miaka, na wengi huziacha mwaka wa pili wakijiona wazima. Kwa wanaofunga: tembe ni moja kwa siku, unaweza kuinywa wakati wa kufuturu au daku bila kukosa dozi. Tamoksifeni huleta joto la ghafla mwilini, na wakati wa kaskazi hapa Mombasa linachosha kweli. Sema kliniki, kuna namna za kulipunguza, lakini usiache dawa kimya kimya. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, hupunguza nguvu yake, kwa hiyo mtajie daktari kila unachokunywa, pamoja na za miti shamba. Damu ikitoka ukeni baada ya kukoma hedhi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda siku hiyo hiyo.

Kama HER2 ni chanya, dawa ni trastuzumab. Kwa ugonjwa ambao haujasambaa hutolewa kila wiki tatu kwa mwaka mmoja, dozi 17 au 18, kwa dripu au kwa sindano chini ya ngozi. Inakamata HER2 kwa nje, inazima ujumbe, na inawaita askari wa kinga ya mwili. Pertuzumab, ikipatikana, huizuia HER2 kushikana na HER3. Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Moyo nao una HER2, na kwa hiyo eko ya moyo, picha inayoonyesha moyo unavyosukuma damu, hufanywa kabla ya dozi ya kwanza na takriban kila miezi mitatu. Ukiambiwa uanze bila eko, simama uulize. Pumzi ikikukata unapopanda ngazi, au miguu ikivimba, sema kabla ya dozi inayofuata. Trastuzumab na tamoksifeni hazifai wakati wa mimba. Panga uzazi na daktari, na njia utakayotumia isiwe ya homoni.

Kama una 1+, au 2+ ambayo FISH yake ni hasi, tunza alama hiyo. Tangu 2022 kuna dawa nyingine, trastuzumab deruxtecan, iliyoruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa kiwango hicho cha chini ambao ugonjwa umesambaa. Ni ghali, lakini milango ya dawa hubadilika, na mtu asiyejua alama yake hawezi kuuliza.

Hatua ya 7: Malipo

Jiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Unaweza kuanza kwa kupiga *147#. Lipa mchango wa mwaka kabla hujahitaji, kwa sababu idhini ya matibabu ya saratani haitoki kwa aliye na deni. Kiwango cha saratani ni cha kaya nzima kwa mwaka, na hubadilishwa, hivyo ulizia kiasi cha sasa kabla ya kupanga kemo na mionzi.

Kwa trastuzumab, mwaka 2025 serikali ilifanya makubaliano na kampuni ya Roche: gharama ya dozi ikashushwa kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na SHA ikabeba hiyo 40,000 kwenye hospitali zilizoteuliwa. Anzia kliniki ya saratani ya Coast General, ile wengi wetu tunayoiita Makadara, uliza kama dawa inatolewa hapo kwa mpango huo au utaandikiwa rufaa. Huwezi kuingia kwenye mpango bila ripoti inayoonyesha 3+ au FISH chanya. Kila kitu kinarudi kwenye karatasi ile.

Hatua ya 8: Ugonjwa ukirudi, pima upya

Uvimbe hujibadilisha. Seli zilizobaki baada ya dawa zinaweza kuwa zimepoteza kipokezi cha estrojeni au HER2, au kukipata. Ukiambiwa umeonekana kwenye ini au mfupa, uliza kama nyama ya sehemu hiyo inaweza kupimwa tena ER, PR na HER2 kabla ya kubadilisha dawa. Si kila mahali sindano hufika kwa usalama, lakini swali liulizwe.

Nunua faili moja. Weka humo nakala ya ripoti ya biopsi, ya FISH, nambari ya bloku na jina la maabara iliyoihifadhi, karatasi za eko kwa mpangilio wa tarehe, na daftari la dozi. Ya mamangu mdogo ni ya buluu, na hukaa juu ya kabati pamoja na cheti chake cha ndoa. Amekwisha pata dozi ya kumi na moja. Eko yake inayofuata ni Jumanne, naye ameshasema atavuka na feri ya saa kumi na mbili ili awe wa kwanza kwenye foleni.